Istilahi za Makaburi ya Kale: Uhakiki

Akiolojia ya makaburi ya pwani yetu imeandikwa zaidi kwa Kiingereza. Inapoletwa katika Kiswahili, istilahi tatu hupotosha maana, nasi tumeonelea zichunguzwe moja moja.

Ya kwanza ni "kaburi la nguzo". Kazi ya nguzo ni kubeba: hubeba dari, paa au boriti. Lakini lile jengo refu la mawe lisimamalo kwenye makaburi ya Kaole, Kunduchi na Mambrui halibebi kitu. Limesimamishwa ili lionekane. Kwa jengo la namna hiyo Kiswahili kina neno "mnara". Twapendekeza "kaburi la mnara". Huenda ikadaiwa kwamba mnara ni wa msikiti. Hata hivyo twasema pia mnara wa kumbukumbu, wala hakuna anayetatizika.

Ya pili ni "tarehe ya kaburi". Huko Gede, alikofukua James Kirkman kuanzia 1948, kaburi moja limechongwa mwaka 802 wa Hijria. Mwaka huo ulianza Septemba 1399 ukaishia Agosti 1400. Mfasiri anayeandika 1399 peke yake amekata shauri bila ushahidi. Bakuli za kaure ya Kichina zilizopachikwa minarani ni jambo jingine. Bakuli huweza kutunzwa nyumbani miaka mingi kabla ya kupachikwa. Kwa hiyo hutueleza tu kwamba haikupachikwa kabla ya kutengenezwa. Hiyo si tarehe, bali ni mpaka. Basi na iandikwe wazi: "si kabla ya".

Ya tatu, yenye madhara zaidi, ni "magofu". Gofu ni jengo lililobomoka likaachwa na wenyewe. Kaburi halikuachwa: mwenyewe yumo. Mtumishi wa serikali anayeandika "magofu" katika ramani ya viwanja humfanya msomaji aone mawe matupu, ilhali Tanzania ilitunga sheria ya kuhifadhi mambo ya kale mwaka 1964, na ya kuhamisha makaburi mwaka 1969. Sheria hii ya pili haitakumbukwa pale ambapo neno "kaburi" halikuandikwa. Kamusi zinalo neno "mava" kwa mahali pa kuzikia; hatuna budi kulitumia.

Istilahi mbovu darasani husahihishwa kwa kalamu nyekundu. Katika ramani, husahihishwa baada ya tingatinga kupita.