Milki ya Anwani

Mtu akiifungua leo anwani ya info.cern.ch na kuzifuata njia zake mpaka ukurasa uitwao TheProject.html, hukutana na maandishi ya Tim Berners-Lee ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaliyotungwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva: maneno meusi juu ya weupe, viungo vya buluu, wala hapana picha hata moja. Undani wake ni wa kustaajabisha kwa anayejua kuusoma. Umeandikwa kwa alama za HTML za enzi ile, na miongoni mwake zimo mbili, HEADER na NEXTID, ambazo zimekwisha kuachwa zamani. Lakini kwa kuwa kanuni iliyowekwa tangu asili ni kwamba kivinjari kikikuta alama kisiyoijua kiiruke na kuendelea kuonyesha maneno, ukurasa uliotungwa juu ya kompyuta ya NeXT husomeka katika simu ya kiganjani bila ya kubadilishwa herufi.

Tuiweke kando yake habari ya GeoCities. Kampuni hii ya Marekani, iliyoanza mwaka 1994, iliwagawia watu nafasi za bure za kuweka kurasa zao, ikazipanga nafasi hizo kwa mitaa yenye majina kama Hollywood na Athens, na kila mwenyeji akapewa namba yake katika mtaa aliouchagua. Yahoo iliinunua mwaka 1999 kwa zaidi ya dola bilioni 3. Tarehe 26 Oktoba 2009 ikaifunga, na kurasa zinazokadiriwa kuwa milioni 38 zikaondoka mahali pake. Wahifadhi wa hiari wa kundi la Archive Team, wakiongozwa na Jason Scott, walinakili kwa hima kila walichowahi, na mwaka uliofuata wakatoa nakala iliyokaribia terabaiti moja, ili yeyote aitakaye aichukue.

Basi sehemu kubwa ya maandishi iliokoka, na baadhi ya waandishi walikuwa na nakala zao majumbani. Kilichokufa ni anwani. Kila kiungo kilichowahi kuelekeza katika mitaa ile, kiwe ndani ya barua, ndani ya makala ya mwanachuoni, au katika orodha ya rafiki, kiligonga mlango usiofunguka. Na mwenye ukurasa, hata akiwa na kazi yake yote mkononi, hakuwa na njia ya kumwambia msomaji aliyepita njia ya zamani kwamba amehamia kwingine, maana jina lililotangulia mbele ya namba yake lilikuwa jina la kampuni. CERN kwa upande wao walikuwa wameliweka jina lao, na walipoazimia mwaka 2013 kuurejesha ukurasa wa kwanza, kwa nakala ya mwaka 1992, waliurudisha palepale ulipokuwa, na viungo vya kale vikapata uhai.

Wenyeji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa sana tofauti hii. Katika mitaa kama Majengo, mtu huweza kuimiliki nyumba, kuta zake na paa lake, ilhali ardhi iliyo chini ni ya mwingine anayepokea kodi yake kila mwezi. Na ardhi ikiuzwa, mwenye nyumba hugundua kwamba milki yake ilikuwa juu ya ridhaa ya mtu. Hiyo ndiyo hali ya mtunzi ambaye mashairi yake yote yamo katika ukurasa aliopewa na kampuni ya mtandao wa kijamii. Myspace ilipokiri mwaka 2019 kwamba muziki uliopakiwa katika muda wa miaka 12 ulipotea wakati wa kuhamisha seva, wanamuziki waliokuwa hawana nakala nyingine hawakuwa na pa kwenda kudai.

Namna ya kuepukana na msiba huu si ngumu kama inavyodhaniwa. Tangu mwaka 1983, kwa ubunifu wa Paul Mockapetris, majina ya mtandao yamewekwa katika daftari lililogawanywa duniani kote: msomaji akiandika jina linaloishia kwa .tz au .ke, kompyuta yake huuliza kwa wasimamizi wa herufi hizo, nao humwelekeza kwenye kumbukumbu ya mwenye jina. Mtu binafsi ametengewa nafasi humo, me.tz kwa Tanzania na me.ke kwa Kenya. Kumbukumbu yenyewe ni mstari mmoja: jina, namba ya seva, na muda ambao wengine wanaruhusiwa kuikumbuka namba hiyo kabla ya kuuliza tena, aghalabu sekunde 3600. Siku mwenye seva akipandisha bei kupita kiasi, au akifilisika, au akivunja ahadi, mwenye jina huyachukua mafaili yake akayaweka kwa mwingine, akaibadili namba katika mstari ule. Na baada ya muda wa saa moja au zaidi kidogo, msomaji aliye Muscat au Bukavu hufika kwa njia ileile aliyoizoea. Katika ufundi wote wa tovuti sijaona jambo dogo lenye nguvu kuliko mstari huo.

Lakini uhamaji huo huwa mwepesi pale tu mafaili yanapokuwa mepesi. Utenzi wa beti 100, kila ubeti na vipande vyake vinne vya mizani 8, pamoja na alama zote za kichwa, aya na kiungo, haufiki kilobaiti 20; hauhitaji hifadhidata, wala programu ya kuusimamia, wala fundi wa kuupandisha toleo kila mwezi. Cheti cha usalama kilichokuwa kikilipiwa hupatikana bure kwa Let's Encrypt tangu mwaka 2015. Anayeanza na mfumo mzito kwa sababu ya urembo wake hujifunga tena kwa bwana mwingine, na mimi humshauri kila mtunzi aanze na faili moja aliloliandika mwenyewe.

Haki hii ya kumiliki jina ina mipaka. Jina halinunuliwi milele, hukodiwa kwa mwaka au miaka, ingawa mwenye kulikodi ana ruhusa ya kulihamisha kutoka kwa msajili mmoja hadi mwingine. Wala jina halimtoi mtu katika mkono wa serikali: kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kulipa ada zilizozidi shilingi milioni 2, na baadhi yao wakaona ni heri kunyamaza.

Na mauti nayo yana hukumu yake. Ada ya jina aghalabu hulipwa kwa kadi ya benki ya mwenyewe, kadi husimama akiisha kufariki, na jina likipita muda wake hurudi sokoni, likachukuliwa na yeyote, hata mwenye kamari. Majina ya .com huweza kulipiwa mpaka miaka 10 kwa mara moja, na kufanya hivyo ni busara. Lakini lililo bora zaidi ni mtunzi kuandika katika wasia wake jina la msajili, nywila ya kuingilia, mahali yalipo mafaili, na ni nani kati ya warithi wake atakayelipa.