Ndege Juu ya Mti wa Krismasi

Kwa muda wa miaka mingi tumekuwa tukikusanya sanamu ndogo za ndege. Zipo za mpingo, za mninga na za kioo. Kila mwezi wa Desemba baadhi yake hutoka kabatini na kutundikwa juu ya tawi la mvinje, maana sisi tu wapenzi wa mapambo ya Krismasi na hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo. Wapo wenzetu wasemao kuwa hiyo ni kasumba. Tunapenda kuwajibu kwa kuzitazama sanamu zenyewe.

Ndege wa kioo asili yake ni Lauscha, mji mdogo katika milima ya Thuringia, Ujerumani, ambako kiwanda cha kioo kilianzishwa mwaka 1597. Katika karne ya 19 mafundi wa huko walianza kupuliza vioo vyembamba vya kupambia mti wa Krismasi. Ndege wao walimtia rangi ya fedha, mkia wakautengeneza kwa nyuzi za kioo, na chini yake wakamfunga kibanio cha kumshikisha tawini. Hapo fani na maudhui vimepatana: usiku mrefu wa baridi, mishumaa michache, na kiumbe mwepesi anayeurudisha mwanga. Fundi huyo alisema yaliyokuwa dirishani kwake.

Hondohondo wetu wa mpingo tulimnunua Mwenge, Dar es Salaam. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Mwaka mmoja tulimtundika. Tawi likainama, mapambo yakamwagika sakafuni, watoto wakacheka. Kosa halikuwa la mchongaji. Yeye alichonga ndege wa kushikwa, ambaye mkono huujua uzito wake kabla jicho halijamaliza kumtazama. Sisi ndio tuliotaka mpingo uwe kioo.

Juu ya sanamu ya tatu tuna neno kali. Ni ndege wa mbao laini, kifua chekundu, mgongoni amepakwa chokaa mfano wa theluji. Ni yule yule wa kadi za Krismasi za Waingereza. Aliyemchonga ni kijana hodari, naye alitueleza kwamba wanunuzi ndio waliomletea picha. Hatumlaumu mtu atafutaye riziki. Lakini itazame kazi: shingo haina mgeuko, jicho ni tone la rangi, bawa limelala kama kipande cha ubao. Kisu kimefuata karatasi.

Tulimwomba kijana huyo huyo atuchongee mnana. Hakutaka picha. Aliuliza tu, “Yupi, mzee, anayesuka au anayekagua?” Kwani mnana dume husuka kiota cha majani mabichi, akakining'iniza kwenye ncha ya tawi, na jike huja kukikagua, asiporidhika huenda zake. Swali hilo moja lilikuwa na elimu ya sanaa kuliko hotuba nyingi tulizozisikiliza ofisini.

Twawaambia haya walimu hasa, kwa sababu tumeona madarasa ambamo wanafunzi, kabla ya kufunga shule, hugawiwa pamba waitandaze juu ya matawi iwe theluji. Nje ya dirisha mkrismasi umechanua mwekundu mti mzima. Mti huo nao ni mgeni, kwao ni Madagaska, wala hatujamsikia mtu akiuita kasumba: watu waliuona ukichanua Desemba wakaupa jina. Pamba hakuna aliyeiona popote ila katika kadi. Mwanafunzi anayepewa pamba hiyo anafundishwa, bila neno kusemwa, kwamba sikukuu iko kwingine.

Kijana alituletea dume, mwili umepinda, kichwa chini, kucha zimeshika hewa. Binti yetu alimsukia kiota cha ukindu mbichi. Tulimtundika karibu na yule wa kioo, na ilipofika Januari kiota kilikuwa kimekauka, rangi yake kahawia, kama vile vilivyo mtini.