Ardhi, Nchi, na Neno Moja la Kiingereza

Ufupi wa neno si dalili ya wepesi wake. Lugha ya Kiingereza ina neno "land", lenye silabi moja na herufi nne, ambalo mwanafunzi hulipata mapema katika masomo yake na kufundishwa kuwa maana yake ni ardhi. Jibu hilo si la uongo. Walakini ni pungufu, na upungufu wa namna hiyo huweza kuficha dhuluma.

Na tulitazame neno hilo likiwa kazini. Baharia hulitumia kwa nchi kavu, iliyo kinyume cha bahari. Mkulima hulitumia kwa udongo autiao jembe. Mpimaji hulitumia kwa eneo alilolikata vipande. Mshairi hulitumia kwa makao ya taifa lake. Likigeuka kitenzi, huwa ni ndege kutua, abiria kushuka pwani, au mvuvi kumtoa samaki majini. Kiswahili hakikosi hata moja ya maana hizo. Tofauti ni kwamba kimelipa kila jambo neno lake, ilhali Kiingereza kimeyakusanya yote chini ya paa moja.

Tofauti hiyo huonekana wazi Olasiti, upande wa magharibi wa jiji la Arusha. Mtu akisimama hapo kando ya njia huweza kuiona ndege ikishuka kutua katika uwanja ulio jirani, Kisongo. Akasoma tangazo ukutani ya kuwa kiwanja kinauzwa. Kisha akamsikia mzee akisema kwamba mahali hapo zamani palikuwa shamba. Mwingereza aweza kuyaeleza yote matatu kwa neno moja. Mswahili hawezi. Kiwanja na shamba kwake si kitu kimoja, hata kama udongo ni uleule na mipaka haikusogezwa. Shamba hulimwa, kiwanja hupimwa. Jina limebadilika kwa sababu uhusiano wa mtu na mahali umebadilika.

Je, jambo hili lina uzito wowote nje ya darasa? Mlima Meru unalo jibu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru yapata 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili mahali pao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Wameru walitengewa eneo jingine, Kingori. Katika hesabu ya lile neno la Kiingereza, kitu kilikuwa kimelipwa kwa kitu cha jinsi yake. Wenyewe hawakuihesabu hivyo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alilifikisha shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, New York.

Wawili hao waliandika kitabu juu ya shauri hilo, kikatoka mwaka 1967 kwa jina la The Meru Land Case. Hapo ndipo mfasiri hutiwa mizani. Akisema "Kesi ya Ardhi ya Meru", amelifanya shauri kuwa ugomvi wa mipaka na ekari, ambao fidia yaweza kuumaliza. Akisema "Kesi ya Nchi ya Meru", amewarudisha watu ndani yake, pamoja na makaburi yao na haki yao ya kuulizwa kabla ya kuhamishwa. Ardhi huweza kubadilishwa kwa ardhi. Nchi haibadilishwi kwa nchi.

Mpinzani atasema kwamba ardhi limekwisha kuwa neno la sheria. Ni kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyotungwa kwa Kiingereza, hulihesabu ndani ya "land" uso wa dunia na kilicho chini yake, isipokuwa madini na mafuta ya petroli. Kadhalika mimea iotayo yenyewe na majengo ya kudumu. Katika tafsiri yake, neno ardhi limetwishwa mzigo huo wote. Sheria haina budi kuchagua neno moja na kulishika. Lakini muuzaji asiyejua kwamba nyumba imo ndani ya neno ardhi aweza kutia sahihi juu ya jambo asilolikusudia. Anastahili kuelezwa kwa maneno yake mwenyewe.

Wala tusijisifu kupita kiasi. Nchi nalo lina maana nyingi: huitwa nchi dunia yote iliyo chini ya mbingu, huitwa nchi kavu pasipo na maji, na huitwa nchi dola. Hata hivyo katika maana zake kuu linao watu ndani yake. Ndiyo sababu lugha yetu imemzaa mwananchi; mwanaardhi hajazaliwa.

Kwa hiyo mfasiri akutanapo na neno hili dogo asikimbilie kamusi kwanza. Na aulize: ni nani asimamaye mahali hapo, na ana haki gani? Akilijua hilo, Kiswahili hakitamnyima neno.