Nane kwa Nane

Kijana anayeendesha bodaboda upande wa Mbagala Rangi Tatu alipaki pikipiki usiku, akala, kisha akaweka mshororo wake kwenye kundi la WhatsApp la watunzi: "Mvua ikija na upepo, nawambia kwa hakika." Chini yake akaongeza maneno ambayo ni kama hodi ya kundi lile: naomba mnikosoe. Kwenye mitandao mingine aliyomo, mtu akiweka picha ya sahani ya pilau anavuna pongezi mia. Huku hakuna aliyempongeza. Jibu la kwanza lilikuja na maneno matano tu: "Kipande cha kwanza kina tisa."

Msomaji aliyekaa mbali na vina tangu amalize kidato cha nne huenda akahitaji kukumbushwa. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo umegawika vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani 8. Nane kwa nane, kumi na sita. Mizani ni silabi, basi: mvu-a-i-ki-ja-na-u-pe-po. Hesabu kwa vidole, utamaliza mkono mmoja na kubakiza kidole kimoja cha mkono wa pili. Ni tisa.

Kijana alibisha, na alibisha kwa adabu. Alisema yeye akisoma anasikia nane. Hapo ndipo akaingia mzee mmoja wa Chang'ombe, mwalimu mstaafu, ambaye kwenye kundi wanamwita Ustadh na wengine Babu. Hakutoa hotuba. Aliandika, "Ighani, mwanangu, tukusikie."

Sauti ikatumwa. Sekunde chache, mlio wa feni nyuma, na kijana anaghani kwa yale mahadhi ambayo kila aliyewahi kusikiliza mashairi redioni anayajua. Anaanza vizuri. Akifika "na upepo" anakimbia, anaimeza ile u ya upepo, halafu anasimama kuvuta pumzi pasipo pa kuvutia. Sikio la mtu wa kawaida lisingegundua. Watu wa kundi waligundua wote. Hata yeye mwenyewe, alipojisikiliza, aliandika "Nimeisikia" na kicheko.

Hiyo "ighani" naistahi kuliko kanuni zote zilizoandikwa. Hesabu ya vidole inakwambia una kosa. Kughani kunakuonyesha lilipo. Ukurasa wa gazeti, ambao kwa miaka mingi ndio ulikuwa baraza la watunzi wetu, haukuweza kufanya hivyo. Ulipokea karatasi ukarudisha karatasi. Mtunzi wa Temeke aliyetuma utungo wake kwa posta alisubiri wiki kadhaa kuuona umetoka, akasubiri tena majibu ya mtunzi wa Tabora au Pemba, na kati yao hakuna aliyejua mwenzake anaghani vipi. Simu, pamoja na kelele zake zote, imeirudisha sauti kwenye sanaa ambayo kwa asili yake ni ya sauti. Kinachogharimu ni bando tu.

Zamani hizo, hata hivyo, zilikuwa na subira ambayo naionea wivu. Jarida la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea mashairi ya watu wa kila namna: makarani, walimu, askari, wafanyabiashara. Mengine yalikusanywa na kutolewa vitabu London mwaka 1946. Hata wale tunaowaita magwiji hawakuwa na ajira ya utunzi. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Mathias Mnyampala alikuwa mtu wa mahakama. Vitabu vyake vya Ngonjera za Ukuta vilitoka baada ya yeye kufariki mwaka 1969. Kaluta Amri Abedi alikuwa sheikh na mhubiri kabla hajawa Meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili. Wapenzi wa kandanda wanalijua jina lake kwa sababu ya uwanja wa Arusha. Watunzi wanalijua kwa kitabu kimoja, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha mwaka 1954, ambacho Babu wa Chang'ombe anacho nakala iliyopoteza jalada, na kila mabishano yanapopamba moto hupiga picha ukurasa mmoja akautuma bila maelezo.

Na mabishano hupamba moto mara kwa mara, hasa juu ya herufi m. Kwa mgeni yanaonekana upuuzi. M ya mtoto ni mizani kamili: m-to-to, tatu. M ya mbao haisimami peke yake: mba-o, mbili. Sasa mvua je? Mvua ya mawinguni ni mvu-a, mbili. Lakini mvuvi ni m-vu-vi, tatu, ingawa kwa maandishi maneno hayo mawili yanaanza sawasawa. Dada mmoja wa Tandika, fundi cherehani, ndiye anayeliona jambo hili haraka kuliko wote, kuwashinda hata wenye shahada ya lugha. Hana istilahi. Anasema tu, "Hiyo m nimeigonga, haikuitika." Anagonga meza kwa kidole anaposoma; m inayopata pigo lake anaihesabu, isiyopata anaiacha.

Turudi kwenye mvua. Yakaja mapendekezo. Mmoja akasema: "Mvua yaja na upepo." Nane kamili. Mwingine akapinga kwamba hapo ile "ki" imekufa, na pamoja nayo maana ya kila mara. Sasa ni mvua moja inayokuja, wakati mwenyewe alikuwa anasema juu ya mvua zote za masika. Akapendekeza "Mvua ijapo, upepo." Nane pia, na ina ladha ya kikale. Lakini ijapo inaweza kusomwa kama ingawaje, na msomaji akajikwaa. Watu wazima sita wa Kinondoni na Temeke, usiku wa siku ya kazi, walikuwa wanapima silabi moja. Mmoja aliandika akiwa lindo huko Mwenge. Mwingine aliaga katikati kwa kuwa bando limekwisha, akarudi asubuhi na maoni yake yakiwa bado moto.

Kijana akachagua "yaja." Sababu yake ilikuwa kwamba anapoendesha pikipiki hakuna mvua zote, kuna hii moja inayokuja. Hakuna aliyemjibu, na kwenye kundi lile kunyamaziwa hivyo ni ushindi.

Kisha wakageukia kipande cha pili, ambacho kwa hesabu hakikuwa na dosari: na-wa-mbi-a-kwa-ha-ki-ka. Nane safi. Na hakisemi kitu. Ugonjwa huu ni mkongwe kama ushairi wenyewe. Kila mtunzi ana kapu lake la maneno ya kujazia mizani, akina hakika, abadani, jamani, nawambia, sikia. Dada wa Tandika akauliza swali ambalo kwangu ndilo kilele cha usiku ule: "Kwani mvua ikija kunatokea nini hasa huko kwenu?" Kijana akamjibu kwa maneno ya kawaida, bila kuwaza ushairi, kwamba barabara inafunikwa. Dada akaandika: "Basi si umeshatunga." Ba-ra-ba-ra-ya-fu-ni-kwa.

Tazama alichofanya. Hakumpa mshororo. Mtunzi mzuri anayekosoa mara nyingi hushindwa kujizuia. Anaandika upya utungo wa mwenzake mpaka unakuwa wake. Yeye aliuliza, akasubiri, akaokota jibu kabla mwenyewe hajajua ni jibu. Na kwa kuliokota alibadilisha kina cha shairi zima. Hakika ingemfungia kijana kwenye -ka, kina chepesi ambacho kila mtu anacho mfukoni. Yafunikwa ikampeleka kwenye -kwa, ambako inabidi utafute. Ndani ya siku chache ubeti ukarudi hivi:

Mvua yaja na upepo, barabara yafunikwa,
Mbagala tope lilipo, hata gari linatekwa,
Kituoni tungalipo, daladala inasakwa,
Mwenye mtaro hayupo, nani atakayeshikwa?

Pima unavyotaka, hautapungua wala kuzidi. Ila si hesabu inayonifurahisha. Ni ile tungalipo, neno ambalo vijana wa umri wake hawalitumii kituoni, limekaa pale kwa sababu kina cha -po kililiita, na likaleta na uchovu wote wa kusimama. Ni daladala inayosakwa kama mhalifu, halafu mstari wa mwisho unamsaka mhalifu mwenyewe. Sidhani alipanga yote hayo. Vina vikali humsukuma mtu kwenye maneno ambayo asingeyaendea kwa hiari yake.

Nisije nikaonekana nasema kwamba pasipo vina hakuna ushairi. Ugomvi huo ulipiganwa miaka ya 1970, pale Kahigi na Mulokozi walipotoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973 na Kezilahabi akafuata na Kichomi mwaka 1974, na wahafidhina wakasema hizo ni insha zilizokatwakatwa. Mimi naipenda Kichomi. Lakini nimeona makundi ya tungo huru pia, na nimeona tabu yao: mtu akiweka utungo wake pale, wenzake hawajui waanzie wapi kumkosoa, hivyo humsifu, au hunyamaza, au hugombana juu ya itikadi. Kwenye kundi la arudhi, dereva wa bodaboda anaweza kumwambia mhadhiri wa chuo kikuu kwamba mshororo wake wa tatu ni guni, na mhadhiri akahesabu, akakuta kweli, akashukuru. Niliwahi kuliona hilo, na mhadhiri aliongeza, "Shikamoo, mwalimu."

Hesabu ina hasara yake nayo. Wapo wakosoaji ambao wakishamaliza kuhesabu hudhani wamemaliza kukosoa. Huruka juu ya ubeti wenye maumivu ya kweli wakatua kwenye silabi iliyozidi, na mwenye ubeti, ambaye pengine amefiwa, anaondoka kundini kimyakimya. Babu wa Chang'ombe huwa mkali kwa watu hao. Utungo wa maombolezo, anasema, upewe siku tatu kabla haujapimwa.

Yeye mwenyewe hakosoi maana kwa nathari. Kasoro ya mizani ataitaja kwa sentensi moja, lakini akipinga kinachosemwa na shairi, atajibu kwa shairi, kwa bahari ileile na vina vilevile. Ni adabu ya malumbano, ya tangu Muyaka wa Mombasa na watunzi wa Lamu walipokuwa wakirushiana beti mwanzoni mwa karne ya 19, miji yao ikiwa vitani. Mpinzani anakupa uwanja, nawe unacheza kwenye uwanja wake. Huwezi kukimbilia kina rahisi. Kwa hiyo kila hoja unayoitoa imepita kwenye tundu ambalo mwenzako amelichonga, na kama imepita, hata yeye ana raha nayo.

Ubeti wa Mbagala ulimkuna. Alikubali uzuri wake, akakataa hukumu yake. Kijana anauliza nani atakayeshikwa, kana kwamba mwenye mtaro ni mtu mmoja aliyejificha ofisini. Babu amekaa Temeke tangu mitaro hiyo haijachimbwa, na ameona nani anaijaza: mifuko, chupa, maganda, godoro zima wakati mwingine. Akatuma beti tatu. Kibwagizo chake kilikuwa hiki: "Na mtupa taka yupo, ndiye kwanza wa kushikwa." Nane kwa nane, -po na -kwa, na mtu aliyepotea kwenye mshororo wa kijana ameletwa mbele ya watu wote.

Kundi lililipuka. Wengine walimwona Babu kamwonea mtoto kwa kuiachia serikali nafasi ya kupumua. Mlinzi wa Mwenge alisema kwamba godoro halitupwi mtaroni na mtu mwenye mahali pengine pa kulitupa, na akaahidi kuitia hoja hiyo kwenye vina akimaliza zamu. Dada wa Tandika alitaka kujua kwanza kama "ndiye kwanza" ni Kiswahili au ni mzee ametafuta mizani. Babu alijibu kwamba ni Kiswahili, akatulia kidogo, akakiri kwamba alitafuta mizani vilevile.

Kijana ameomba apewe mpaka Ijumaa. Ana beti tatu za kujibu, na kina cha -kwa kinazidi kuwa adimu: funikwa, tekwa, sakwa na shikwa zimeshatumika, na kurudia neno la kina ni kujitafutia kuchekwa. Zimebaki pikwa, zikwa, pakwa, wekwa, pelekwa, andikwa. Zikwa nadhani ataiweka kwenye mtaro.