Kiyunani na Sikio la Mnyaturu

Ugomvi juu ya matamshi ya Kiyunani ni wa zamani. Mwaka 1528 Erasmus alichapisha hoja kwamba Wayunani wa kale hawakutamka kama Wagiriki wa zama zake. Na mwaka 1542 Askofu Gardiner, mkuu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyapiga marufuku matamshi hayo mapya. Kwa upande wa herufi, Erasmus alikuwa na haki. Beta, ambayo Mgiriki wa leo huitamka v, kale ilikuwa b, nayo ingali hai katika neno ubatizo. Phi haikuwa f, bali p yenye pumzi, kama ile ambayo mtu wa Mombasa humtenga kwayo paa wa porini na paa la nyumba.

Walakini wafuasi wake walitengeneza herufi wakaharibu sauti. Alama zinazoandikwa juu ya maneno ya Kiyunani, ambazo aghalabu hunasibishwa na Aristophanes wa Byzantium, yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, hazikuwa za mkazo. Zilionyesha sauti ipande, ishuke, au ipande na kushuka katika silabi moja. Mwingereza na Mjerumani, wasio na toni, walizisoma kuwa mkazo. Wagiriki wenyewe walikwisha poteza tofauti hiyo karne nyingi, na mwaka 1982 serikali yao ikabakiza alama moja tu. Kiswahili nacho kimeacha toni za Kibantu. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwaye Kiyunani kwa Kiswahili hurithi hasara mbili.

Singida hasara hiyo haina udhuru. Kirimi, lugha ya Wanyaturu, kingali na toni zake. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri aliyetoa mwaka 1964 uchunguzi wa sauti na maumbo ya Kirimi, ndiye pia aliyeandika kitabu cha Kiswahili cha kujifunzia Kiyunani; yaani lugha hizi mbili zilipata kukaa katika kichwa kimoja. Katika Kirimi sauti ya juu hutoka katika silabi yake ikasikika katika silabi ifuatayo. Kijana aliyelelewa kwa mwendo huo hatastaajabu kuona anthropos, mtu, hupanda katika silabi ya kwanza, na anthropou, wa mtu, katika ya pili. Sababu ni mbalimbali, maana Kiyunani hutazama urefu wa silabi ya mwisho. Lakini sikio litakiwalo ni moja. Sikio hilo ndilo kijana huambiwa, bila maneno, aliache mlangoni.

Atakaye kuzungumza na Mgiriki aliye hai na ashike matamshi ya leo; Wagiriki waliokuja Tanganyika kulima mkonge hawakutamka kama Erasmus. Bali amsomaye Homer hana wa kuzungumza naye ila zile alama. Mwalimu wa Kiyunani ampe Mnyaturu mstari mmoja, amweleze alama tatu, kisha anyamaze asikilize.