Hakimu Aliyekubali Kuhukumiwa

Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake. Methali hii yafaa kuwa mizani ya kupimia kitabu chochote ambacho mtu amekiandika juu ya dini asiyozaliwa ndani yake. Vitabu vya namna hiyo ni vingi, na vilivyo vingi vimetungwa na wapita njia waliochungulia dirishani, kisha wakaenda kueleza jinsi nyumba ilivyo. Vichache vimetungwa na watu waliobisha hodi, wakakaribishwa, wakakaa. Kimoja katika hivyo vichache ni The Sikh Religion cha Max Arthur Macauliffe, chenye juzuu sita, kilichopigwa chapa Oxford mwaka 1909. Habari yake ni dini ya Masingasinga, ambao wengi wetu katika Kenya tumezoea kuwaita Makalasinga.

Macauliffe alikuwa mtu wa Ayalandi. Alisoma katika chuo cha Galway, akaingia utumishi wa serikali ya Bara Hindi mwaka 1862, na mwaka 1864 akafika Punjab. Huko alipanda vyeo hata akawa hakimu mkubwa mwaka 1884. Kazi ya hakimu ni kusikiliza na kukata maneno. Hukumu yake ikitoka, watu hunyamaza. Lakini moyo wa hakimu huyu ulikuwa umevutwa na Amritsar, mji mtakatifu wa Masingasinga, na nyimbo zinazoimbwa katika hekalu lake. Alijifunza lugha za nyimbo hizo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1893 aliacha kazi, cheo na mshahara, ili apate nafasi ya kufasiri. Wenzake walimcheka wakisema kwamba amegeuka Singasinga. Tangu alipofika Punjab mpaka kitabu chake kutoka ilipita miaka 45. Hiyo si safari ya mtalii.

Ili tujue thamani ya kazi hiyo, hapana budi tuilinganishe na ile iliyoitangulia. Kitabu kitakatifu cha Masingasinga, Granth Sahib, kilikusanywa na Guru Arjan mwaka 1604. Katika chapa za leo kina kurasa 1,430, na karibu chote ni mashairi ya kuimbwa. Ndani yake zimo tungo za Maguru, na pia za wacha Mungu wa nje, kama Kabir, na Sheikh Farid aliyekuwa Mwislamu. Masingasinga hukiheshimu kama mwalimu aliye hai. Mjerumani Ernest Trumpp, bingwa wa lugha, alipewa na serikali kazi ya kukifasiri, akatoa sehemu yake mwaka 1877. Trumpp alijua sarufi sana, lakini alikidharau kitabu alichokishika. Katika dibaji yake alikilaumu kwamba hakina mpango wala kina cha mawazo. Wenye kitabu waliumia, na haki yao kuumia. Mfasiri asiyependa anachokifasiri ni kama mpishi asiyeonja: chakula chake huenda kikaiva, lakini hakina ladha.

Macauliffe alishika njia nyingine. Alikwenda kwa wazee wenye elimu ya Granth, miongoni mwao Kahn Singh wa Nabha, akawauliza maana ya kila wimbo kama walivyoipokea kwa walimu wao. Alipokwisha kufasiri, aliwarudishia maandiko yake wayakague. Waliposema hapa umekosea, alifuta. Aliwaalika Masingasinga wengine pia wamwonyeshe makosa kabla kitabu hakijatoka. Hapa ndipo uzuri wa kazi hii ulipo, na ndipo ilipopata nguvu. Mtu aliyezoea kuhukumu aliwaweka mahali pa hakimu wale waliokuwa raia chini ya serikali yake, naye akasimama kizimbani.

Sehemu inayoonyesha vema matunda ya njia hii ni maisha ya Guru Amar Das, katika juzuu ya pili. Amar Das alizaliwa mwaka 1479. Kila mwaka alikwenda kuhiji mto Ganges, na uzee ukamkuta bado anatafuta asichokipata. Alfajiri moja alimsikia Bibi Amro, mke wa mpwa wake, akiimba wimbo wa Guru Nanak, na ule wimbo ukamshika. Akaomba apelekwe kwa baba yake yule mwanamke, Guru Angad, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri. Akawa mtumishi wake, akimtekea maji mtoni kila siku kabla ya mapambazuko. Usiku mmoja wa giza alijikwaa akaanguka karibu na nyumba ya mfumaji, na mke wa mfumaji akamdhihaki kwamba ni mzee asiye na kwao. Mwaka 1552, akiwa mtu wa miaka sabini na zaidi, mzee huyo asiye na kwao alifanywa Guru wa tatu.

Macauliffe anaisimulia habari hii bila mapambo, wala hajitii ndani yake. Lakini msomaji mwangalifu hakosi kuona kwamba mfasiri naye alikuwa mtu mzima, mwenye cheo, aliyeshikwa na wimbo wa wengine akawa mtumishi wao. Chini ya Guru Amar Das, aliyetaka kumwona Guru ilimpasa kwanza aketi chini na kula pamoja na watu wote, tajiri kwa maskini. Asemavyo msimulizi, hata mfalme Akbar alifanya hivyo. Masingasinga waliokuja kwetu wakati wa kujengwa reli, kati ya mwaka 1896 na 1901, walikuja na desturi hiyo. Msafiri wa njia ya Mombasa aweza kuiona katika hekalu la Makindu, ambako hupewa chakula bila malipo wala kuulizwa dini yake.

Kasoro za kitabu zipo, na si haki kuzificha. Kiingereza chake ni cha kale, kimeiga lugha ya Biblia, hata nyimbo za wakulima wa Punjab zasikika kama mahubiri ya kanisani. Miujiza yasimuliwa bila kupimwa. Granth imepangwa kwa kufuata mahadhi ya muziki, lakini Macauliffe alizitoa nyimbo mahali pake akazitia katika maisha ya watungaji wao. Kwa hiyo tunapata historia, tunapoteza ngoma. Tena pengine sauti ya mtumishi wa serikali hutokea, ikiwasifu Masingasinga kwa utii wao kwa watawala Waingereza. Nyingi katika kasoro hizi zina mzizi mmoja na sifa zake: aliyekubali kufundishwa na wenyeji hakutaka kubishana nao.

Je, heri kosa gani: la Trumpp au la Macauliffe? Jawabu langu ni kwamba kosa la mapenzi hurekebishika. Wataalamu waliokuja baadaye wameweza kuichambua miujiza na kuilainisha lugha, wakijenga juu ya msingi wa Macauliffe. Dharau haijengi msingi. Serikali ya Punjab ilipomtolea zawadi ya rupia 5,000, aliikataa. Alifariki London tarehe 15 Machi 1913, na imesimuliwa kwamba muda mfupi kabla ya kukata roho alisikika akiisoma Japji, sala ya alfajiri ya Guru Nanak.

Wewe mwanafunzi, siku utakapotakiwa kuandika juu ya imani ya jirani yako, andika kwanza, kisha umpelekee jirani huyo asome. Akikuambia umekosea, keti umsikilize.