Moshi Juu ya Mshale

Redio iliyokaa kwa mvuta tumbaku hununuliwa kwanza kwa pua. Macho hudanganywa, maana muuzaji ameshapitisha kitambaa kibichi juu ya kisanduku. Lakini fungua mfuniko wa betri, inamia, vuta pumzi: nyumba nzima itakujia, tumbaku ya kiko, makaa ya jikoni, unyevu wa Ziwa Kivu. Hii iliyo mezani kwangu, National Panasonic ya bendi tatu, niliinunua Mbugangari, si mbali na Petite Barrière tunakovukia kwenda Goma. Mama aliyeniuzia ni mjane. Mafundi wawili walikuwa wameshaikataa.

"Mwanangu, utaiweza harufu ya mzee?" aliniuliza.

"Mama, harufu haijawahi kuua redio," nikamjibu, nikahesabu pesa.

Nililisema hilo kwa imani, na bado naliamini. Kinachoua redio ni betri iliyosahauliwa tumboni. Betri ikivuja hula springi, hupanda kwenye nyaya, hufika kwenye njia za shaba zilizo nyembamba kuliko ukucha, na shaba ikishaliwa hairudi. Moshi haufanyi hivyo. Moshi hutanda. Miaka ishirini ya kiko huacha utando wa rangi ya asali juu ya kila kitu, nao hunasa vumbi na unyevu, unatisha kuuona. Ila chini yake bati linang'aa na lehemu ni nzima. Huku kwetu mitumba tunaiita caguwa, neno ambalo Kinyarwanda kimelichukua katika "chagua" ya Kiswahili. Basi kuchagua ni nusu ya ufundi. Mimi hukagua springi za betri kabla ya kuuliza bei. Zikiwa na ukungu mweupe au wa kijani uliopanda hadi kwenye nyaya, naaga.

Huku Gisenyi kuna jambo ambalo halimsumbui fundi wa pwani. Vumbi letu limechanganyika na majivu ya Nyiragongo. Mlima ulipotapika Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbilia kwetu, na matetemeko ya siku zile za 2021 yalipasua kuta za nyumba zetu. Majivu ya volkano ni vipande vidogo vya mwamba na kioo. Ukiyasugua kwa kitambaa juu ya plastiki umeshaikwaruza, na mikwaruzo hiyo ni vigumu kuiondoa. Kwa hiyo siku ya kwanza maji hayaguswi kabisa. Ni brashi laini ya rangi, mkono mwepesi, na redio imeinamishwa ili vumbi lianguke lenyewe. Kijana anayejifunza kwangu huona siku hiyo kama kupoteza muda. Mimi huiona ndiyo siku yenyewe.

Kisha moshi. Vaa glovu, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi, na ukikaa nayo mchana kutwa kichwa kitakuuma. Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoshe. Kitambaa cha kwanza hutoka na rangi ya chai kavu, cha pili vivyo hivyo, cha tano bado. Kwenye bati na kwenye miguu ya swichi spiriti hufanya kazi haraka. Usiifikishe kwenye dirisha la masafa. Spiriti huweza kutia plastiki angavu vinyufa vyembamba kama nywele, na tarakimu zilizochapwa hapo hufutika, na redio isiyo na tarakimu ni kipofu. Dirisha nililiosha kwa pamba iliyoloa maji tu, kipande cha ukubwa wa ukucha kwa wakati mmoja, hadi namba za mita zikarudi moja moja: 49, 41, 31, 25.

Mshale niliukuta kwenye 31. Kitufe cha kutafutia stesheni kilikuwa na lami nzito pande zote isipokuwa upande mmoja, ambako kidole gumba kimepita hadi mistari ya plastiki ikalainika. Huyu hakuwa mtu wa kuwasha redio ili nyumba isiwe kimya. Alikuwa akitafuta.

Katika nchi hii ya Rwanda siwezi kufungua redio ya umri huu kwa furaha tupu. Stesheni ya RTLM ilianza kurusha matangazo mwaka 1993, na mwaka 1994 sauti zake zilihimiza watu wawaue Watutsi, majirani zao. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoketi Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili. Masanduku kama haya ndiyo yaliyopokea sauti hizo. Na masanduku haya haya, mwaka huo huo wa 1994, yalipokea BBC Gahuzamiryango, ambayo jina lake maana yake ni yenye kuunganisha familia, na kazi yake ilikuwa kusoma majina ya waliopotezana ili wapate kuonana. Mama yule aliniambia kwamba mzee aliketi na kiko chake kila jioni, redio gotini, akimsubiri dada yake. Kama jina lilisomwa, hakuniambia. Nami sikumuuliza.

Ndiyo maana kitufe kile sikukiosha kama vingine. Nilitoa lami iliyokuwa ikinata, nikaacha ule upande uliolainika bila kuupiga msasa, ingawa kitufe kipya kingeonekana vizuri zaidi. Swichi ya sauti nayo ilikuwa ikikwaruza. Tone la dawa ya kusafishia swichi, kisha kuizungusha mara thelathini kwenda na kurudi, ikanyamaza. Usiku niliwasha bila spika yake, nikaazima nyingine. Mawimbi mafupi si yale ya zamani. Kile kituo cha Kinyinya, Kigali, kilichorusha matangazo ya Deutsche Welle, kilifungwa mwaka 2015, na sehemu nyingi za mshale sasa ni mvumo tu. Hata hivyo mvumo ulitoka safi.

Iliyobaki ni spika. Koni yake ni ya karatasi, haioshwi, na karatasi hushika moshi kuliko chuma. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku mwaka 2008, kwa hiyo spika nimeilaza kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya matambara, na bakuli la makaa yaliyopondwa kando yake. Kila asubuhi nabadilisha makaa na kunusa. Leo ni asubuhi ya sita. Mzee bado yumo, ila sasa yuko mbali kidogo, kama mtu anayevuta kiko nje ya ukuta.